Pipeline haina kiwanja, lakini ina shule

Kila Januari hunijia swali lile lile kutoka Pipeline, Nairobi. Mwaka huu aliyeliuliza ni mama muuza mboga, na mtoto wake wa miaka 6 mwenye sindromu ya Down alikuwa amejishikilia kwenye leso yake. "Mwalimu, unajua shule ya spesheli iliyo karibu na huku?" Alikuwa amepita shule nne kati ya stendi na nyumbani kwake. Tatu zilimwambia nafasi zimejaa. Ya nne ilikuwa na adabu zaidi: "Mama, sisi tungemchukua, lakini hao wengine watamwumiza." Siku tatu baadaye jirani yake wa mlango wa pili alimwandikisha mwanawe, umri ule ule, katika mojawapo ya zile shule tatu zilizojaa.

Kwa hiyo nikisikia mheshimiwa fulani akiahidi jukwaani kwamba atajenga shule jumuishi huku Eastlands, huwa najiuliza kitu kimoja: wapi? Asiyeifahamu Pipeline ashuke stendi ya Taj. Jumba lenyewe la Taj Mall lilibomolewa mwaka 2018 lakini makanga bado wanaliita, na pengine wataliita mpaka Yesu arudi. Kutoka hapo aingie ndani. Atakuta majengo ya ghorofa saba, nane, yaliyosogeleana hadi taa za vyumba vya chini huwaka saa sita mchana, nguo zikidondosha maji juu ya vichwa vya wapita njia, bafu na choo vya kushirikiana kila ghorofa, lifti hakuna. Kipande cha ardhi cha kujengea shule mpya yenye uwanja, njia za mtelemko na bustani ya michezo ya hisia, kama zinavyochorwa kwenye ripoti za wafadhili, hakipo. Na kikipatikana, kesho yake kitakuwa na msingi wa jengo la ghorofa tisa.

Msimamo wangu nautoa mapema. Shule jumuishi ya Pipeline itajengwa ndani ya shule ambazo tayari zipo, nyingi zikiwa za kibinafsi, nyingine zikiwa ndani ya hayo hayo majengo ya kupanga, au haitakuwapo kabisa. Saruji itakayohitajika ni kidogo. Kinachohitajika kwa wingi ni namna nyingine ya kufundisha, fedha zinazomfuata mtoto mahali alipo, na mwalimu wa elimu maalum anayetembea kutoka shule moja hadi nyingine. Naongeza, na hapa wengi hunishangaa, kwamba msongamano wa Pipeline, ambao kila mtu huutaja kama kikwazo, ndio mtaji mkubwa tulio nao.

Tuanze na hesabu. Sensa ya 2019 iliipa kaunti ndogo ya Embakasi, ambamo Pipeline imo, watu 988,808. Ulimwenguni mtoto mmoja kati ya 1,000 hadi 1,100 huzaliwa na sindromu ya Down. Tukikadiria kwamba robo ya wakazi ni watoto wa umri wa shule, tutapata kama 240 hivi wenye hali hii. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo, na katika mji ambao upasuaji wa moyo wa mtoto ni kitu cha kuchangiwa harambee, wengi hawafiki miaka mitano. Basi tukate nusu nzima. Bado tunabaki na watoto wapatao 120. Si takwimu rasmi, ni hesabu ya kalamu na karatasi ambayo yeyote anaweza kuirudia. Sasa zunguka shule za Embakasi uwahesabu. Mimi nikizunguka sihitaji vidole vya mkono wa pili. Wengine wako juu ghorofani, mlango umefungwa kwa nje, mama akiwa kiwandani Industrial Area na nyanya au binamu wa miaka 12 akiwa ndiye mlinzi. Wengine walipelekwa mashambani, Machakos au Kisii, "wakakulie huko".

Sababu ya kutoonekana kwao inaanza na neno moja la kitaalamu, kromosomu, ambalo kila mzazi huambiwa na hakuna anayemfafanulia. Mwili wa binadamu una kromosomu 46. Mtoto huyu ana 47, kwa kuwa ile ya 21 imekuja tatu badala ya mbili. Daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza sura ya hali hii mwaka 1866, na Wafaransa Lejeune, Gautier na Turpin wakaitangaza sababu yake mwaka 1959. Haikusababishwa na kitu alichokula mama, wala laana ya ukoo, wala ugomvi wa ndoa. Haiambukizi na haina dawa, maana si ugonjwa. Hayo yote mzazi anaweza kuambiwa kliniki kwa dakika tano. Asichoambiwa, na mwalimu pia haambiwi, ni jinsi kromosomu hiyo inavyogeuka kuwa tatizo la darasani. Hapo ndipo nitakapokaa kidogo.

Chukua sikio. Mirija inayounganisha sikio la kati na koo huwa myembamba kwa watoto hawa, ute hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio, na wengi wao husikia kama mtu aliyejifunika blanketi. Leo husikia vizuri, wiki ijayo mafua yakija husikia nusu. Sasa mweke mtoto huyo katika darasa la Pipeline: ukuta wa mawe usio na kitu cha kunyonya sauti, dirisha linalotazama barabara ya matatu, darasa la pili lililotengwa kwa ubao mwembamba ambapo wenzake wanaimba alfabeti. Mwalimu husema, "Fungua kitabu ukurasa wa 12, chora mstari chini ya picha ya mbuzi." Mtoto hushika "mbuzi". Anasimama, anatafuta mbuzi. Mwalimu huandika kwenye daftari lake: hafuati maagizo. Mwaka mzima hupita, na hakuna aliyewahi kumulika sikio lake.

Kisha kuna kumbukumbu. Tafiti nyingi za hali hii zinakubaliana juu ya jambo moja: kumbukumbu ya muda mfupi ya maneno yaliyosikika huwa dhaifu, na ile ya vitu vilivyoonekana huwa na nguvu zaidi kuliko hiyo. Mtoto anaelewa mengi kuliko anayoweza kusema. Ulimi na misuli ya mdomo ni milegevu, hivyo neno hutoka likiwa limekatika. Tazama sasa mbinu kuu ya kufundishia katika shule zetu: "Rudieni baada yangu." Wanafunzi 60 huitikia kama kwaya, na anayechezesha midomo huhesabiwa ameelewa. Kama ungekaa chini ukabuni mbinu ya kumshinda mtoto mwenye sindromu ya Down, usingepata iliyo kamilifu kuliko hiyo. Mpe mtoto huyo huyo kadi yenye picha ya kikombe na neno KIKOMBE chini yake, kadi ya pili ya kijiko, ya tatu ya bodaboda, na baada ya wiki chache ataanza kulitambua neno hata picha ikifunikwa. Watoto wengi wa hali hii huingia katika kusoma kwa mlango wa neno zima, silabi wakizifikia baadaye. Na Kiswahili kina bahati yake: akishalishika neno "mama" na neno "maji", ile "ma" anaiona kwa macho, haina ujanja wa herufi zisizotamkwa. Nimeona mtoto ambaye hakuwa na maneno 10 ya kusema akisoma kadi 30 kwa ishara za mikono. Mwalimu wake alidhani nimemfundisha mazingaombwe.

Mikono nayo. Misuli ikiwa laini, penseli huteleza, ngazi hupandwa polepole, kifungo cha suruali huwa kazi ya dakika tatu. Hicho kifungo kina uzito kuliko mtaala wote. Wakuu wa shule wakishazoea kuongea nami bila kuogopa, sababu ya kumkataa mtoto wanayoitoa kwa sauti ya chini ni choo. Mtoto wa miaka 6 ambaye bado anahitaji kusaidiwa chooni, katika jengo lenye vyoo viwili kwa watoto 200, na anti wa shule anayelea darasa zima la PP1, la kwanza la elimu ya awali, peke yake. Nafasi "zilizojaa" mara nyingi zinamaanisha hivyo. Nasema haya bila kuwacheka. Ni tatizo la kweli, lina dawa ya bei ndogo, na kwa kuwa hatulitaji hadharani, hatuliwekei bajeti.

Zaidi ya hapo kuna hesabu ya wastani wa alama. Tangu 1985 hadi mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023, akademi za Eastlands ziliishi kwa wastani huo. Uliandikwa kwenye ukuta wa shule, kwenye basi la shule, kwenye kalenda. Mtoto mmoja mwenye alama za chini alikuwa hasara inayoonekana kwa wateja. KCPE imekwisha. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa 2019, unapima mtoto kwa kazi zake na kwa ngazi aliyofikia, na umeweka hata njia ya hatua kwa wanafunzi wasiofuata mtaala wa kawaida: msingi, kati, maandalizi ya ufundi, kisha ufundi. Kwa maneno mengine, sababu ya kumkataa mtoto imeshazikwa. Tabia ya kumkataa imebaki, ikitembea bila kichwa.

Ninachosikia, na ninachojibu

"Atawarudisha wenzake nyuma." Hili ndilo pingamizi la wazazi wengine, na hulisema kwa sauti wakati mzazi mwenye mtoto huyo yuko kwenye mkutano. Kadi za picha, maagizo mafupi yanayotolewa moja baada ya jingine, ratiba iliyochorwa ukutani, kuhesabu kwa vifuniko vya soda badala ya kukariri: niambie ni mtoto gani wa Pipeline asiyefaidika navyo. Nusu ya darasa la PP2 imetoka nyumba zinazoongea Kikamba, Kijaluo, Ekegusii au Sheng tupu, na wote wanapigwa Kiingereza kuanzia asubuhi ya kwanza. Mbinu zinazomsaidia mtoto mmoja mwenye kromosomu ya ziada ndizo hizo hizo ambazo hao wengine walizikosa kimyakimya. Linalowarudisha nyuma kwa hakika ni darasa la watoto 70, na hilo halikuletwa na mtoto mwenye sindromu ya Down.

Nikiwa kwenye lugha, niseme neno kwa wale wanaowashauri wazazi waachane na lugha ya nyumbani "ili mtoto asichanganyikiwe". Watafiti waliolichunguza jambo hili, akina Kay-Raining Bird nchini Kanada mwaka 2005, hawakuona kwamba watoto wenye sindromu ya Down waliolelewa kwa lugha mbili walikuwa nyuma ya wale wa lugha moja. Nyanya aendelee na Kikamba chake. Mtoto akinyamazishiwa lugha ya nyumbani hupoteza mtu wa kuzungumza naye, na mtu wa kuzungumza naye ndiye mwalimu wake wa kwanza.

"Shule maalum ndiyo inayomfaa." Kuna watoto ambao mahitaji yao ni mazito na shule maalum ni msaada wa kweli kwao, sijawahi kuomba zifungwe. Lakini kama kanuni ya watoto wote wa hali hii, ushahidi unaelekea kwingine. Huko Uingereza, Sue Buckley na wenzake wa Portsmouth waliwalinganisha vijana wenye sindromu ya Down waliosoma shule za kawaida na wale wa shule maalum, wakijua kwamba kilichowatenganisha kwa sehemu kubwa ni mtaa walikoishi, si uwezo wao. Wa shule za kawaida waliwatangulia wenzao kwa zaidi ya miaka miwili katika usemaji, na kwa miaka ipatayo mitatu katika kusoma na kuandika. Nisifiche upande wa pili: kwenye mahusiano na urafiki, wale wa shule maalum walikuwa na nafuu. Kijana aliyekuwa peke yake wa aina yake shule nzima alipendwa na wengi na kualikwa na wachache. Jambo hili nitalirudia, maana linabadilisha jinsi ya kupanga.

"Sisi tayari ni jumuishi, tuna yuniti." Yuniti ni darasa la pekee ndani ya ua wa shule ya kawaida. Kenya inazo nyingi, na baadhi zimefanya kazi ya heshima. Kitengo cha usonji cha City Primary kule Ngara kimewapokea watoto ambao hakuna aliyewataka. Ila mtoto anayeingia lango moja na wengine, akaketi chumba kingine, akanywa uji saa nyingine na kurudi nyumbani kwa njia nyingine, hajajumuishwa. Amepangishwa. Yuniti ingekuwa daraja la kuvukia, mtoto akipita humo kwa saa mbili za usemaji na mikono na kurudi kwa wenzake. Nyingi zimegeuka kituo cha mwisho cha safari.

"Arudie PP2 mpaka akomae." Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, inakataza mwanafunzi kuzuiwa darasa. Hata bila sheria, fikiria: mtoto ambaye nguvu yake kubwa ni kuiga wenzake, unamweka mwaka wa tatu mfululizo na watoto wa miaka 4, halafu unashangaa kwamba anatenda kama wa miaka 4. Akae na rika lake, malengo yake yawe ya hatua yake. Inawezekana katika chumba kimoja: wenzake wakiandika aya kuhusu soko, yeye apange kadi sita za vitu vya sokoni na kuvitaja.

Pingamizi la tano linatoka upande wa marafiki zangu, watetezi. Wao husema mlango ufunguliwe tu, mengine yatajipanga. Hayajipangi. Italia ilipoyafuta madarasa ya pekee kwa sheria namba 517 ya mwaka 1977, iliweka pia walimu wa msaada na kikomo cha wanafunzi 20 katika darasa lenye mtoto mwenye ulemavu. Sisi tunapenda kuinukuu Italia ya mlango na kuisahau Italia ya 20. Kumwingiza mtoto darasa la watoto 70 bila msaada wowote ni kumtelekeza karibu na ubao.

Fedha ziko wapi, na mwalimu yuko wapi

Kwa upande wa sheria Kenya haidaiwi na mtu. Tume ya Ominde ilishapendekeza mwaka 1964 kwamba watoto wenye ulemavu usio mkubwa wasome shule za kawaida. Katiba ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu zilizojumuishwa katika jamii. Kifungu cha 34 cha ile Sheria ya Elimu kinapiga marufuku kubagua mtoto wakati wa kumpokea, ulemavu ukitajwa kwa jina. Tuna sera ya 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu. Tuna vituo vya tathmini vya EARC tangu 1984, na chuo cha KISE kule Kasarani tangu 1986. Ukisoma karatasi zetu ungedhani mama wa mboga alikuwa na bahati mbaya tu siku ile.

Tatizo ni kwamba karatasi hizi zinakutana na mtoto mahali asipokuwepo. Serikali humtolea mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma shilingi 1,420 kwa mwaka, na mwenye mahitaji maalum huongezewa 2,300. Jumla 3,720, ambazo hazifikishi kodi ya mwezi ya chumba cha kawaida Pipeline. Hizo nazo ni za shule za umma. Lakini utafiti wa kituo cha APHRC katika mitaa ya mabanda ya Nairobi ulionyesha zamani kwamba zaidi ya nusu ya wanafunzi wa msingi wako katika shule za kibinafsi za ada ndogo, na mitaa ya ghorofa kama Pipeline haiko mbali na hali hiyo, maana shule za umma zilizo karibu ni chache na zimefurika. Shule hizi ndizo zinazoitwa APBET kwenye makaratasi ya wizara, zikiwa na sera yao tangu 2009. Serikali inajua zipo. Inazikagua. Mtoto mwenye sindromu ya Down akiingia humo, 2,300 zake hubaki kwenye kitabu.

Tena kuna pengo la umri. Kwa mujibu wa Katiba, elimu ya awali ni ya kaunti. Kuanzia gredi ya kwanza ni ya serikali kuu. Miaka ile ya PP1 na PP2, ambayo kwa mtoto huyu ndiyo ya usemaji, choo na vidole, iko mikononi mwa City Hall, na mwalimu wa elimu maalum anaajiriwa na tume ya walimu, TSC, kwa shule za upande wa pili. Mtoto hupokewa na mtaalamu akiwa tayari amechelewa miaka miwili, kama amepokewa.

Pendekezo langu linaanzia kwenye ule msongamano. Chora duara la kilomita moja ukianzia Taj. Ndani yake kuna shule nyingi kuliko tarafa nzima za kaskazini mwa nchi, na kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa dakika 10 kwa miguu, dakika 15 kama mvua imenyesha na barabara imegeuka mto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa Leonard Cheshire kule Oriang, Rachuonyo, uliwaingiza watoto wenye ulemavu katika kundi la shule tano za kijijini zilizotengana kwa masafa ya mashamba. Kabla ya hapo Kenya ilishakuwa na walimu wazungukaji kwa ajili ya watoto wasioona, waliosafiri kwa pikipiki kutoka shule hadi shule. Kitu kilichowezekana kwa pikipiki huko mashinani hakiwezi kushindikana kwa viatu hapa Pipeline.

Mpango wenyewe ni huu. Mwalimu mmoja wa elimu maalum aajiriwe na TSC, awe na dawati katika shule ya umma au kituo cha EARC, lakini kazi yake iwe shule sita za jirani, za umma na za kibinafsi pamoja, kila moja nusu siku kwa wiki, na nusu siku nne zinazobaki awe na wazazi na makaratasi. Shule sita hizo zikubaliane kwamba kila moja itapokea watoto wawili au watatu wenye sindromu ya Down au hali inayofanana nayo, si mmoja peke yake, kwa sababu ya lile jambo la urafiki lililoonekana Portsmouth. Wote wakutane Jumamosi mara mbili kwa mwezi katika ukumbi wa kanisa. Pipeline haina uwanja, lakini kumbi za makanisa inazo kila kona, na Jumamosi mchana nyingi huwa na kwaya tu. Mwalimu huyo ndiye atakayewafundisha wenzake jinsi ya kutengeneza kadi kwa maboksi ya unga, na ndiye atakayejua kwamba mtoto fulani asipinduliwe sarakasi mpaka daktari aitazame shingo yake, maana viungo vya juu vya uti wa mgongo huwa vilegevu kwa baadhi yao.

Zile 2,300 zimfuate mtoto. Najua hofu ya wizara: wenye akademi watabuni watoto hewa. Basi zilipwe kwa kazi wala si kwa shule: mshahara wa anti wa pili wa PP1, kipimo cha masikio na macho mara moja kwa mwaka. Tathmini ya EARC iwe ndiyo stakabadhi, na mwalimu mzungukaji awe shahidi, maana yeye anamwona mtoto kila wiki. Kiasi chenyewe kiongezwe. Kwa sasa ni cha aibu.

Ndani ya jengo, mambo mawili yanatosha kuanzia. Darasa lenye mtoto huyu liwe la chini, hata kama ni gredi ya tano na desturi ya shule ni wakubwa kupanda juu. Choo kimoja cha chini kiwe na shikio la chuma na mlango mpana. Fundi wa mtaani huifanya kazi hiyo kwa siku moja. Ngazi za ghorofa nyingine hazina haja ya kungoja lifti ambayo haitakuja. Mtoto ambaye nyumbani hupanda hadi ghorofa ya sita kila jioni anajua ngazi kuliko mkaguzi.

Mwalimu wa darasa namwomba jambo moja lisilo na gharama: amweke mtoto dawati la mbele, upande ulio mbali na dirisha la barabara, aseme sentensi fupi akimtazama usoni, kisha anyamaze ahesabu hadi 10 kabla ya kurudia. Sekunde hizo 10 ni ndefu sana kwa mwalimu aliyezoea kwaya. Nimewaona walimu wazoefu wakishindwa kufika 6. Lakini mara nyingi jibu hutoka kwenye ya 8.

Na wewe mzazi unayesoma hapa, labda kwenye simu ukiwa umeketi ngazini ukisubiri maji yarudi, usiulize tena shule ya spesheli iko wapi kabla hujaigonga ile iliyo chini ya nyumba yako. Nenda na cheti cha kuzaliwa, nenda na jirani, na ukiambiwa nafasi zimejaa, mwambie mwalimu mkuu kwa upole: "Mwalimu, naomba uniandikie hivyo kwenye karatasi, uweke sahihi na mhuri, niipeleke kwa afisa wa elimu." Nimewapa wazazi wengi maneno hayo. Mpaka leo sijaiona karatasi hata moja, na yule mtoto wa muuza mboga ameanza PP2 katika shule ya pili kati ya zile nne.